Giaboksi ya otomatiki imechoka: uijenge upya, ununue ya mtumba au uhamie manyuali?

Ukiwa na Prado, Surf au Land Cruiser ya miaka ya 1990, injini haikutishi sana. Injini ya dizeli ya 1KZ ikichemka ikapasua silinda hedi, fundi wa kuitengeneza yupo karibu kila mji. Giaboksi ya otomatiki ni habari nyingine. Siku inapoanza kuteleza, mwenye gari hupewa ushauri wa aina tatu kabla jua halijazama. Mmoja anasema ifunguliwe itiwe pleti mpya (visahani vya klachi za ndani). Wa pili anasema usipoteze muda, nenda Gerezani, sokoni kwa spea Dar, kachukue ya mtumba ya Japani. Wa tatu, mara nyingi dereva mkongwe aliyezeekea kwenye malori, anasema achana na otomatiki kabisa, weka manyuali ulale usingizi.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kwa magari tofauti na mifuko tofauti. Hapa nazipima njia hizo tatu kwa vigezo vilevile. Mifano mingi nimeichukua kwenye A340F na A343F, giaboksi za gia nne zilizotengenezwa na Aisin kwa ajili ya Surf na Prado, na mara mojamoja A442F ya Land Cruiser 80 ya dizeli. Mwenye Terrano au Pajero atakuta namba tofauti, lakini hesabu ni ileile.

Njia ya nne, giaboksi mpya kutoka kwa wakala, naitaja ili isidhaniwe nimeisahau. Kwa gari la umri huu, bei yake hukaribia thamani ya gari lenyewe. Tuendelee.

Kwanza hakikisha ni giaboksi kweli

Giaboksi nyingi hushushwa kwa kosa la waya. A340 inaongozwa na kompyuta kupitia solenoidi (vali ndogo za umeme) na sensa za mwendo, na moja kati ya hizo ikifa, gari hugoma kubadili gia kana kwamba limekwisha ndani. Kwenye Toyota za miaka hiyo kuna kipimo kisichogharimu kitu: washa swichi bila kuwasha injini, acha O/D (ovadraivu, gia ya nne) ikiwa imewashwa, kisha unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti. Taa ya O/D OFF itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kubadilika, kompyuta haijaona kosa lolote. Ikikonyeza mara sita, ikatulia, kisha mara mbili, hiyo ni 62, solenoidi ya kwanza. 63 ni solenoidi ya pili na 64 ni ile ya kufunga konveta, chombo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi. 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampu (karai la oili la chini) tu, giaboksi ikiwa palepale ilipo.

Kipimo cha pili: chomoa plagi ya solenoidi ubavuni mwa giaboksi, kisha endesha kwa kubadili gia kwa mkono. Kwenye L gari linapaswa kwenda na gia ya kwanza, kwenye 2 litumie gia ya tatu, na kwenye D litumie ya nne. Zikipatikana zote bila kuteleza, ndani giaboksi ni nzima, ugonjwa uko kwenye umeme. Zikiteleza hata hivyo, umeme hauhusiki.

Cha tatu ni kebo inayotoka kwenye kanyagio la mafuta kwenda giaboksi. Wengi hudhani kazi yake ni kuchagua wakati wa kubadili gia tu. Kwenye A340 na A343 za miaka hiyo, kebo hiyo ndiyo inayopandisha presha ya oili ndani kadiri unavyokanyaga. Ikilegea, presha inabaki chini wakati injini inavuta kwa nguvu, na pleti zinaungua taratibu. Ikikazwa mno, kila gia inapiga teke. Nimeshuhudia gari likipangiwa ovahoo kisha likapona kwa spana namba 12 kwenye nati mbili za kebo.

Halafu fungua sampu, ndiyo inayoamua mengi kuliko mdomo wa fundi. Ujiuji laini wa kijivu kwenye sumaku iliyo ndani yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole, au unga mweusi mwingi wenye harufu ya kuungua, hiyo inafunguliwa. Oili yenye rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa maana yake maji ya rejeta yameingia, na hapo gundi inayoshika karatasi ya pleti huachia hata kama gari bado linatembea.

Vigezo vya kupimia

Gharama nzima ndiyo ya kwanza, na nasisitiza neno nzima. Anayekutajia bei ya giaboksi hajataja lita kumi za oili, konveta, sili, filta, kuoshwa kwa mabomba, ufundi wa kushusha na kupandisha, wala nauli yako ya bodaboda gari likiwa limelala. Cha pili ni siku ambazo gari litakaa gereji. Cha tatu ni fundi: njia moja inataka fundi bingwa, nyingine inataka fundi makini tu. Cha nne ni spea, zipo mjini kwako au zinaagizwa? Cha tano ni uwezekano wa kurudi gereji kwa tatizo lilelile. Na cha sita, ambacho watu hukiruka: gari linafanya kazi gani na unakusudia kukaa nalo muda gani? Gari la kupeleka watoto shule Mbezi na gari la kupandisha mizigo mlima Kitonga kila wiki haliwezi kupata jibu moja.

Njia ya kwanza: kuijenga upya giaboksi yako

*Kazi yenyewe.* Giaboksi inashushwa na kufunguliwa yote. Ndani ya A340 kuna mafungu matatu ya klachi (C0, C1, C2), breki nne (B0 hadi B3) na klachi tatu za upande mmoja. Fundi mzuri huanza na dalili kabla ya kushika spana. Kwa mfano, C2 hufanya kazi kwenye gia ya tatu, ya nne na rivasi. Gari likikataa rivasi huku likiteleza kwenye tatu lakini likiondoka vizuri na moja, ameshajua pa kutazama. Seti ya spea za ndani huwa na pleti, gasketi, sili na mipira, na seti kubwa huongeza pleti za chuma, filta na bushi.

*Fedha.* Seti yenyewe si ghali ukilinganisha na giaboksi nzima. Pesa huongezeka pale fundi anapokuta sehemu ngumu zimekula: pampu iliyochubuka, ngoma iliyochimbika, gia za sayari zilizolegea. Hizo hazimo kwenye seti. Mara nyingi huishia kununuliwa giaboksi nyingine mbovu ili itolewe vipande, na hapo hesabu ya awali inavunjika. Kubaliana mapema na fundi kwamba atakupigia simu giaboksi ikiwa wazi mezani, kabla ya kununua chochote.

*Muda na fundi.* Hesabu wiki, si siku. Spea zikiwepo Dar, Nairobi au Mombasa kazi inakwenda. Kama zinaagizwa, gari litafuga vumbi. Fundi ndiye kila kitu hapa. Mafundi wa injini ni wengi, wa otomatiki ni wachache, na fundi wa injini anayejifunzia kwenye giaboksi yako atakuunguza. Kumtambua si kazi kubwa. Meza yake ni safi na hafuti kwa matambara yanayoacha nyuzi. Analoweka pleti mpya kwenye oili kabla ya kuzifunga. Anapima nafasi ya kila fungu kwa geji badala ya kutikisa kwa mkono, na anapuliza hewa kusikia kila pistoni ikigonga kabla hajafunga. Muulize swali moja: konveta utaifanyaje? Konveta imechomelewa pande zote, na uchafu wa pleti zilizoungua umejificha ndani yake. Akisema ataimwagia petroli aitikise, mshukuru kwa muda wake uondoke. Jibu la maana ni kuikata, kuisafisha na kuichomelea tena kwenye mashine ya kuilinganisha, au kuweka konveta nyingine iliyotoka kwenye giaboksi nzima.

*Inapoharibikia.* Karibu kila mara ni hapohapo kwenye konveta, kwenye mabomba ya kupozea ambayo hayakuoshwa, au kwenye vali bodi (kizuizi cha vali zinazogawa oili) iliyofunguliwa na vigololi vyake vikarudishwa mahali visipostahili. Ikijengwa vizuri lakini, hii ndiyo njia pekee inayokupa giaboksi ambayo mipira na pleti zake unajua zina umri gani. Faida hiyo huipati kwa mtumba hata ukilipa mara mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari zima kwa mwili na injini, anayetaka kukaa nalo miaka mingi, mwenye usafiri mwingine wakati gari limelala, na zaidi ya yote mwenye fundi aliyeona kazi zake zikitembea barabarani. Inamfaa pia mwenye giaboksi ambayo nyingine yake ni adimu. A442F, kwa mfano, ni imara lakini haizagai sokoni kama A340, na kuikuta nzima kunahitaji bahati.

Njia ya pili: ya mtumba kutoka Japani

*Kazi yenyewe.* Unanunua giaboksi iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, au iliyopitia Sharjah ambako wafanyabiashara wetu wengi hununua spea, unaishusha yako na kupandisha hiyo. Gerezani na Ilala kwa Dar, barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi, Kisekka kwa Kampala: utazikuta zimepangwa hadi juu.

Tatizo ni kuchagua. Kwanza soma kibati cha gari lako, sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE, ujue namba ya giaboksi yako. Kisha fahamu kwamba namba kulingana hakutoshi. A340F ya injini ya petroli haikai kwenye dizeli kwa sababu kengele ya mbele, ile inayoungana na injini, ni tofauti. A340H iliyofungwa kwenye baadhi ya Surf za 130 ina transfa (kigawanya nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) inayoongozwa kwa oili na umeme, hivyo haibadilishani na A340F yenye transfa ya kiwiko cha kawaida. Prado ya kudumu kwenye magurudumu manne ina transfa tofauti na Surf ya kuweka na kutoa. Hesabu pini za plagi. Linganisha sensa ya mwendo. Kama unaweza, ipeleke ya zamani sokoni kwenye pikapu uziweke ubavu kwa ubavu. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa mara moja.

Ukiipata inayolingana, ichunguze. Nusa oili iliyobaki. Mwombe muuzaji afungue sampu; anayejiamini hufungua, na gasketi ni pesa ndogo. Tazama kama matundu ya mabomba yalizibwa au yaliachwa wazi yakila unyevu wa bahari kontena lilipokuwa melini. Waya zikikatwa karibu na plagi, kuna kazi ya kuunga inayokusubiri. Konveta lazima iwepo, ya hiyohiyo giaboksi.

*Fedha.* Bei ya kununua ni kubwa kuliko seti ya spea, ila inajulikana tangu mwanzo, na kwa mtu mwenye bajeti isiyovutika hilo ni jambo kubwa. Ongeza sili ya mbele na ya nyuma, filta na gasketi ya sampu. Zibadilishe giaboksi ikiwa chini. Ukiziacha na sili ikaja kuvuja, utalipa ufundi wa kushusha mara ya pili kwa ajili ya mpira wa bei ya soda.

*Muda na fundi.* Hapa ndipo mtumba unaposhinda waziwazi. Fundi mwenye jeki ya giaboksi na msaidizi huimaliza kwa siku moja au mbili. Hahitaji kujua siri za ndani, anahitaji umakini. Sehemu moja tu huwaangusha wengi: konveta isipozama yote ndani ya pampu kabla ya kuunganisha na injini, boliti zinapokazwa huvunja pampu, na giaboksi nzima inakuwa chuma chakavu kabla haijasogeza gari hata mita moja. Dalili ya usalama ni kwamba baada ya kengele kushikana na injini, konveta bado inazunguka kwa mkono na kuna nafasi ndogo kati yake na bamba la injini.

*Inapoharibikia.* Prado za 90 zilitengenezwa kati ya 1996 na 2002. Kwa hiyo giaboksi yoyote "ya Japani" ya gari hilo ina umri wa zaidi ya miaka ishirini, sawa na hiyo unayoitupa. Barabara za Japani ni nzuri na oili huenda ilibadilishwa, lakini mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Unanunua historia usiyoijua. Gerentii ya sokoni mara nyingi ni ya mdomo na huishia gari linapowashwa. Dai iandikwe kwenye risiti: namba ya giaboksi, siku ngapi, na kama kurudishwa ni kwa pesa au kwa kubadilishiwa. Muuzaji ataweka alama ya rangi. Piga picha alama hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la kazi ambalo likilala siku kumi familia inaona. Mwenye giaboksi ya kawaida iliyojaa sokoni. Anayeishi mbali na fundi bingwa wa otomatiki, ambao ndio wengi wetu. Na anayepanga kuuza gari ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Njia ya tatu: kuhamia manyuali

*Kazi yenyewe.* Watu huielezea kama kubadilisha kitu kimoja. Ni kubadilisha vitu kumi na zaidi: giaboksi yenyewe (jamii ya R150 na R151 kwa 1KZ, H151F kwa Land Cruiser 80), flaiwili, klachi na presha pleti, beringi ya kusukumia, beringi ndogo ya nyuma ya kranki, kanyagio, masta silinda ya klachi na ya chini yake, bomba, kiti cha giaboksi, na propela ambazo urefu wake unaweza kutofautiana. Kisha waya: swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia inapaswa kuunganishwa vinginevyo, taa za rivasi zihamishiwe giaboksi mpya, na kompyuta iliyozoea kuzungumza na giaboksi ya otomatiki itatoa makosa isipobadilishwa na ya manyuali.

Njia safi ni kununua vyote kutoka gari moja lililokatwa, lenye injini kama yako. Kuokoteza kipande hapa kipande kule ndiko kunakozaa klachi isiyoachia, propela inayotetemeka na kiwiko cha gia kinachogonga kiti.

*Fedha.* Mwanzoni ni ghali kuliko mtumba wa otomatiki, hasa ukihesabu vitu vidogo. Baadaye huanza kurudi, kwa sababu klachi unaibadilisha kwa bei inayoeleweka, popote, na hakuna lita kumi za oili maalumu. Ila kwenye kuuza, mambo hugawanyika. Mnunuzi wa mjini anataka otomatiki, na gari lililobadilishwa anaanza kulitilia shaka hata kama kazi ni nzuri. Mnunuzi wa Kigoma au Lodwar anaweza kukupa zaidi.

*Muda na fundi.* Muda uko katikati. Fundi wa kuirekebisha baadaye yupo kila kijiji chenye gereji, na hiyo ndiyo hoja nzito ya njia hii. Fundi wa kuigeuza mara ya kwanza ndiye wa kutafuta kwa taa: anapaswa kuwa ameshafanya gari kama lako, na awe na mtu wa umeme wa gari pembeni yake.

*Inapoharibikia.* Si kwenye giaboksi, ni kwenye vitu vilivyounganishwa kwa kubahatisha. Mabano ya kuchomelea badala ya ya kiwandani, waya zilizofungwa kwa utepe, taa ya injini inayowaka daima na kila mtu kuambiwa "hiyo usiijali".

*Inamfaa nani.* Wanaokaa mbali na miji na wanaotembea matope, mchanga na milima kwa mizigo. Hata hapo, nina pingamizi. Otomatiki iliyo nzima hutulia zaidi kwenye mchanga na kwenye kupanda mawe polepole, kwa kuwa konveta haikatishi nguvu kama mguu unaokanyaga klachi. Anayesema manyuali daima ni bora porini anazungumzia urahisi wa kutengeneza, na hapo yuko sahihi. Kuhusu kuendesha, tubishane. Na kama gari linaendeshwa na watu wawili nyumbani, muulize mwenzako kwanza. Wapo waliogeuza gari kisha mke au mume akaligoma.

Yasiyokwepeka, njia yoyote utakayochukua

Kilichoua giaboksi ya kwanza kiko palepale kikiisubiri ya pili. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu kuhusu uchunguzi.

Otomatiki hupozewa ndani ya rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na maji. Likitoboka, oili na maji hukutana. Rejeta ya aina hiyo haitengenezwi, inatupwa, na mabomba yanaoshwa hadi yatoe oili safi. Hata bila kutoboka, vipande vya pleti zilizoungua hukaa humo, na siku giaboksi mpya inapowashwa vinarudi ndani. Kufunga kipozeo cha ziada cha nje mbele ya rejeta ni kazi ya saa chache, na kwa anayepanda milima na mzigo ningeweka hicho kabla ya redio. Anayehamia manyuali anaponea hapa, azibe tu matundu ya rejeta vizuri.

Oili: soma aina yake kwenye kijiti cha kupimia. Za miaka ya 1990 nyingi zinataka Dexron ya pili au ya tatu. A750F ya gia tano iliyokuja kwenye Prado za 120 inataka oili aina ya WS, nayo haina kijiti kabisa, inapimwa kwa tundu la kufurika oili ikiwa na joto maalumu. Usichanganye kwa sababu zote ni nyekundu. A340F nzima hubeba karibu lita 10, lakini ukifungua nati ya sampu hutoka kama lita 2 tu, hivyo "nimebadilisha oili" ya mara moja ni kuchanganya mpya kidogo na ya zamani nyingi. Kijiti husomwa injini ikiwa imewaka, oili ikiwa ya moto, baada ya kupitisha kiwiko kwenye gia zote na kurudi P. Fundi anayepima injini ikiwa imezimwa atakuonyesha oili tele, utaambiwa imejaa kumbe haijafika.

Baada ya kilomita elfu moja fungua sampu tena, tazama sumaku. Na kwenye mlima mrefu zima O/D, ili gia isiwe inapanda na kushuka kati ya tatu na nne huku joto likipanda.

Kwa hali yako

Giaboksi inachelewa kushika au inapiga teke, lakini sumaku ina ujiuji laini tu: usichague njia yoyote bado. Kebo, solenoidi, sensa na oili kwanza.

Umekuta vipande vya chuma, gari ni Prado au Surf ya kawaida, na linakuingizia riziki: mtumba, pamoja na sili mpya, mabomba yaliyooshwa na risiti iliyoandikwa. Giaboksi yako ya zamani usimwachie fundi kama zawadi. Iwekwe, sehemu zake ngumu zinaweza kukufaa, na ukiamua baadaye kuijenga polepole kwa nafasi, utakuwa na ya akiba.

Gari ni zima, unalipenda, una usafiri mwingine na unamjua fundi bingwa: ijenge ya kwako, konveta ikiwemo kwenye makubaliano ya maandishi.

Maji yameingia: ijenge upya au weka nyingine, lakini rejeta na konveta ni lazima. Kubadilisha oili mara tatu hadi irudi nyekundu hakurudishi gundi ya pleti.

Uko Mpanda, Loliondo au Garissa ndani, giaboksi ya pili imeshakufa na mtu wa kuifungua yuko safari ya siku nzima: manyuali, kutoka gari moja lililokatwa, na fundi umeme awepo siku ya kufunga.

Bodi imeoza, chesisi ina kutu na injini inakula oili: fanya hesabu ya gari lote kabla ya kushusha boliti ya kwanza. Huenda giaboksi ya mtumba ya bei nafuu inatosha kulifikisha gari kwa mnunuzi atakayelikata spea, na pesa iliyobaki ikaanzisha lingine.